Shamba Kuwa Mtaa: Mwongozo kwa Wenye Ardhi Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mtaani kwetu kuna kona ambayo gari haikati. Mwenye shamba wa kushoto aliuza viwanja mpaka ukingoni mwa njia, wa kulia naye akafanya hivyo hivyo, na njia yenyewe ilikuwa ya kupitisha baiskeli tangu enzi za mikorosho. Masika moja jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bajaji iliishia kwenye kona ile, wanaume sita wakambeba kwenye godoro mpaka barabara ya lami. Mtoto alizaliwa salama. Lakini tangu usiku ule, mtu akisema "njia tutaiona mbele ya safari", mimi siwezi kunyamaza.

Mwongozo huu ni wa wenye mashamba ambao bado hawajakata vipande: Mabwepande, Kwembe, Zingiziwa, Msongola, Chamazi, Pembamnazi, na hata ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Vikindu, Kisarawe na Mapinga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni na zaidi walioongezeka wanatafuta pa kujenga, na dalali ameshafika shambani kwako au yuko njiani. Atakuambia kata hatua ishirini kwa ishirini, uza, pesa mkononi. Ninachokuomba ni kimoja: kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, barabara na mkondo wa maji viwe vimeshapata nafasi yao ardhini. Vikichelewa hapo, huvipati tena ila kwa kubomoa nyumba ya mtu.

Hatua ya kwanza: kaeni pamoja, mjue nani ana nini

Mtu mmoja mwenye ekari mbili hawezi kupanga mtaa. Barabara yake itaishia kwenye mpaka wa jirani, na maji ya jirani yatamshukia yeye. Anzeni na mashamba yanayopakana, kumi au kumi na tano, yafike ekari 20 au 30. Itisheni kikao kupitia serikali ya mtaa, chagueni kamati ya wenye ardhi, na muhtasari uandikwe na mtendaji, usainiwe na kila aliyehudhuria. Muhtasari huo utaombwa kila ofisi mtakayoingia.

Kisha fanyeni kazi ambayo wengi huiruka: karatasi za umiliki. Mashamba mengi ya pembezoni yameachwa na marehemu, na watoto wanayalima au wanayauza bila yeyote kuteuliwa na mahakama. Kama mwenye shamba amefariki, familia iende mahakamani ipate msimamizi wa mirathi kwanza. Kama shamba ni la wanandoa, mume na mke wote waweke sahihi; Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwenye shamba la familia pia sahihi moja ni mwaliko wa kesi. Nimeona mchoro mzuri wa viwanja ukilala karibu miaka mitatu kwa sababu ya ndugu mmoja wa Tanga ambaye hakuna aliyekumbuka kumshirikisha.

Hatua ya pili: ulizeni ardhi imeshapangiwa nini

Nendeni idara ya ardhi ya halmashauri yenu, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, mkiwa na vipimo vya pembe za eneo kutoka kwenye GPS, hata ile ya simu kwa kuanzia. Ulizeni mambo matatu. Mpango kabambe wa jiji unasemaje kuhusu eneo letu? Kuna mchoro wa mipango miji uliokwisha kuidhinishwa juu yake? Kuna hifadhi yoyote inayopita, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa?

Swali la tatu lina uzito wa pekee. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na ipo yenye hifadhi pana kuliko hiyo: waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wanalijua hili kuliko mimi. Kuna nyaya kubwa za umeme, bomba la gesi linalotoka Mtwara hadi Kinyerezi, bomba la mafuta la TAZAMA linaloanzia Kigamboni, na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Kiwanja kilichoingia kwenye hifadhi hakina fidia ya kutegemea, na mnunuzi atarudi kwenu.

Wenyeji wa Kigamboni wanakumbuka pia upande wa pili wa mipango. Mwaka 2008 ulipotangazwa mji mpya, watu walizuiwa kuendeleza ardhi yao wakisubiri, na kusubiri kukawa kwa miaka. Kwa hiyo mkiambiwa "kuna mpango", ombeni jibu la maandishi lenye tarehe na namba ya mchoro. Neno la mdomo halizuii ujenzi, wala haliulindi.

Mkiwa upande wa Mkoa wa Pwani kwenye ardhi ya kijiji, utaratibu ni mwingine: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji ndiyo milango ya kuanzia.

Hatua ya tatu: tembeeni maji yanakopita

Hapa msiwe na haraka. Mchoro unaochorwa Agosti, ardhi ikiwa kavu kama mkeka, huweka viwanja ndani ya mto. Subirini masika, Machi hadi Mei, au hata mvua za vuli, mkatembee wakati maji yanapita. Chukueni vijiti na rangi, wekeni alama pale maji yalipofika juu kabisa. Mwende na mzee au bibi aliyelima pale miaka arobaini. Atawaonyesha bonde ambalo hujaa mara moja kila miaka kadhaa, na hilo ndilo hatari kuliko lile linalojaa kila mwaka, maana limekaa kimya muda mrefu na watu wamelisahau.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari au ziwa. Pimeni hizo 60 kutoka ukingoni, si kutoka katikati ya maji. Mto Msimbazi umetufundisha vya kutosha: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia za bondeni zikapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Msimbazi unaanzia huko juu, upande wa Kisarawe na Pugu. Kila shamba linalogeuzwa mabati na sementi kule juu humwaga chini maji ambayo zamani ardhi iliyanywa. Anayepanga mtaa pembezoni anapanga pia usiku wa mtu wa Jangwani, kule chini bondeni.

Mambo ya kufanya kwenye mchoro, niliyoyaona yakifaa:

Bonde lisigawanywe kwa mtu yeyote. Likiingia ndani ya kiwanja, hata kwa kona tu, mwenye kiwanja atamwaga kifusi aongeze uwanja, na maji yatahamia kwa jirani.

Kati ya bonde na viwanja pitisheni barabara. Nyumba zikiligeuzia bonde mgongo, bonde huwa jalala. Zikilitazama kutoka ng'ambo ya barabara, watu huliona, watoto hucheza, na anayetupa taka hujulikana. Jambo hili linagharimu mita chache tu za ardhi, na katika yote niliyojifunza kwenye kamati ndilo ninalolipenda zaidi.

Barabara zenye mteremko mkali zisishuke moja kwa moja. Barabara ya udongo inayoshuka kilima cha Goba au Kwembe kwa mstari mnyoofu huwa korongo baada ya masika mbili. Zilazeni zifuate ubavu wa kilima, na zile fupi za kushuka ziwe na mtaro wa mawe au zege tangu mwanzo.

Mchanga wa mto usichimbwe. Wachimbaji wakiingia, kingo huporomoka na zile mita 60 hupungua kila msimu.

Hatua ya nne: kila mmoja achangie ardhi kwa asilimia ileile

Hapa ndipo vikao huvunjika, kwa hiyo nitafanya hesabu yote wazi.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Tuseme kamati yenu ina ekari 30, yaani mita za mraba 121,400 hivi. Mtaa unaofaa kuishi watu unahitaji barabara na mitaro, tuseme asilimia 22, na maeneo ya umma, yaani shule, zahanati, soko dogo, uwanja, ibada na tangi la maji, tuseme asilimia 13. Jumla 35. Zinabaki mita za mraba kama 78,900 za kuishi watu. Viwanja vya mita za mraba 400 kila kimoja vinakuwa 197.

Sasa mzee mwenye ekari mbili anasimama. "Wanangu, mnanichukulia shamba langu bure?" Mjibuni kwa heshima na kwa hesabu. Shikamoo mzee. Ekari zako mbili ni mita za mraba 8,094. Ukikata mwenyewe bila njia, unapata viwanja 20 vya mita 20 kwa 20. Ukija nasi, baada ya asilimia 35 unabaki na 5,261, yaani viwanja 13. Umepoteza saba kwa idadi. Lakini kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na njia ya hati, hakiuzwi kwa bei ya kipande cha shamba. Kikifika mara moja na nusu ya bei ile, mnakaribia kulingana. Kikifika mara mbili, viwanja 13 vinaleta bei ya 26. Toa humo gharama za upimaji, bado umepata. Na hivyo 20 vya peke yako, wanunuzi wa nyuma watapita wapi? Utavikatia njia tu, na havitabaki 20.

Msimdanganye, hata hivyo. Kama eneo lenu liko mbali mno na bei ya kilichopimwa haijapanda kufika hapo, mwambieni faida itachelewa. Mzee aliyeambiwa ukweli hukaa kwenye mradi. Aliyedanganywa huuza kipande kwa siri usiku, na mnunuzi wake huja na tofali kesho yake, katikati ya barabara yenu.

Kanuni ya haki ni hii: ardhi yote inawekwa chungu kimoja, kila mmoja anatoa asilimia ileile, kisha anarudishiwa viwanja kwa uwiano wa alichoingiza. Shule ikiangukia shamba la Mama Fulani, hapotezi yeye. Anapewa viwanja kwingine ndani ya eneo. Mwenye nyumba au makaburi ya familia abaki pale alipo kadiri inavyowezekana, na barabara ikwepe makaburi. Vinavyobaki vigawanywe kwa kura, hadharani. Makubaliano yaandikwe na wakili, yasainiwe na wote, na yawe na sharti moja lisilolegea: hakuna kuuza mpaka mchoro uidhinishwe.

Hatua ya tano: mchoro

Tafuteni mpangaji miji aliyesajiliwa na bodi yake, na mpima ardhi aliyesajiliwa, na mthibitishe usajili wao kabla ya kulipa. Mkataba uwe wa malipo kwa awamu: sehemu mchoro ukikamilika, sehemu ukiidhinishwa, sehemu bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikiwa ardhini, na ya mwisho ramani ya upimaji ikisajiliwa. Mtaa mmoja ninaoufahamu ulilipa zaidi ya nusu mwanzoni kwa kampuni iliyokuja na gari zuri na fulana zenye nembo. Kampuni ikapotea, wananchi wakabaki na risiti.

Mchoro ukija mezani, msiutazame kwa kustaajabia rangi. Ulizeni haya. Kila barabara inayofika mpaka wa jirani, inaweza kuendelea kwake atakapopanga naye? Daladala itaingia wapi na itageuka wapi? Mtoto wa darasa la pili atafika shule bila kuvuka barabara kubwa? Kwa upana, mimi nashauri mita 10 kwa barabara ya ndani kabisa, 15 kwa inayokusanya nyingine, na 20 kwa ile itakayobeba daladala, halafu mpangaji aoanishe na viwango rasmi vya mipango miji. Pembe za kona zikatwe, ili gari la zimamoto na gari la majitaka likate bila kugonga ukuta. Ndani ya upana huo tengeni tangu sasa upande wa bomba, upande wa nguzo na nafasi ya mtaro; bila hivyo kila taasisi itachimbua ya mwenzake.

Ukitaka kuona faida ya mistari hii, nenda Sinza au Kijitonyama. Ni maeneo ya ule mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970. Viwanja havikuwa vikubwa, na nyumba za mwanzo zilikuwa za kawaida sana. Zimebomolewa, zimekuwa ghorofa, baa, hosteli na maduka, lakini mistari ya barabara iko palepale.

Mchoro ukikubaliwa kwenye kikao chenu, unapita kwenye kamati ya mipango miji ya halmashauri, kisha kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji wizarani. Wekeni nakala yake kubwa ukutani, ofisi ya serikali ya mtaa, kila mtu auone.

Hatua ya sita: bikoni na hati

Mpima anaweka bikoni, ramani ya upimaji inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, kisha kila mwenye kiwanja anaomba hati kwa Kamishna wa Ardhi, kupitia halmashauri na ofisi ya ardhi ya mkoa. Hati inakuja na masharti na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Piga picha kila bikoni ikiwa na kitu cha kudumu nyuma yake, mwembe au kona ya nyumba. Iking'olewa, na watoto na greda huzing'oa, mpima atairudisha kwa vipimo, lakini picha inamaliza ugomvi siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: maji, umeme, majitaka

Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Mwanagati, Buyuni na kwingine. Barabara zilichorwa vizuri. Lakini sehemu nyingi watu walikaa na hati mkononi miaka mingi huku wakinunua maji ya boza na kupita kwenye vumbi. Upimaji peke yake haujengi mtaa, kwa hiyo kazi hii ianze mchoro ukiwa bado kwenye penseli.

Andikeni DAWASA mapema, mkiambatanisha mchoro na idadi ya viwanja. Mitambo ya Ruvu Juu ina uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini milioni 270, lakini swali lenu ni bomba kubwa la karibu liko wapi na msukumo wake unafika juu ya kilima chenu. Tengeni kiwanja cha tangi kwenye sehemu iliyoinuka kuliko zote, hata kama ndiyo yenye upepo mzuri na kila mtu anaitaka. TANESCO nao wapeni mchoro, wajue mahali pa transfoma na njia ya nguzo. Nguzo iliyowekwa bila mchoro huishia katikati ya barabara ya kesho.

Majitaka ndiyo hayazungumzwi. Sehemu kubwa ya pembezoni haina mfumo wa bomba la majitaka, kila nyumba inachimba karo na shimo la kufyonza. Kwenye kiwanja kidogo, karo la jirani linaweza kuwa hatua chache kutoka kisima chako. Mita 30 kati ya kisima na shimo ni umbali wa kujilinda, na kwenye mita 20 kwa 20 huupati ndani ya kiwanja kimoja. Kwa hiyo amueni kama mtaa: visima binafsi visichimbwe, au kiwe kimoja cha pamoja, juu ya mteremko, kimezungushiwa uzio na maji yake yamepimwa. Na sehemu ya chini kabisa, nje ya mita 60 za mto, wekeni kiwanja cha mtambo mdogo wa kusafisha majitaka, hata kama utajengwa miaka kumi ijayo.

Hatua ya nane: fungueni barabara, ndipo muuze

Bikoni zikishakaa, kodini greda. Siku mbili au tatu zinatosha kufungua njia zote kwa upana wake kamili, hata bila moramu. Gharama ilipwe kwa kuuza viwanja vichache vya pamoja ambavyo kamati ilivitenga tangu kwenye kura. Barabara iliyochorwa tu huvamiwa. Iliyofunguliwa na kupitiwa na bodaboda kila siku hujilinda. Wekeni kalavati kwenye vivuko vyote vya maji kabla ya masika ya kwanza, kisha wapelekeeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barua ya kuomba barabara hizo ziingizwe kwenye mtandao wao, ili siku bajeti ikija ziwe zinajulikana.

Kila mkataba wa mauziano ubebe namba ya kiwanja na namba ya mchoro, na mnunuzi aonyeshwe bikoni zake nne akiwa amesimama juu yake. Mwambieni wazi kwamba kibali cha ujenzi kinahitajika, na kwamba ukuta wake unaishia kwenye bikoni, hauruki mtaro.

Hatua ya tisa: maeneo ya umma yapate wenyewe mapema

Kiwanja cha shule kisichokuwa na kitu huitwa "wazi" mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu kuna banda la chipsi, na mwaka wa tano kuna msingi wa nyumba ya mtu mwenye barua. Pandeni miti ya mpakani mara moja, mikungu au miashoki, kwa safu inayoonekana. Wekeni magoli mawili uwanjani. Timu ya vijana wanaocheza kila jioni inalinda ardhi vizuri kuliko bango. Maeneo yote ya umma yaandikishwe kwa jina la halmashauri au taasisi husika, yasikae kwa jina la mwenyekiti wala mjumbe wa kamati, hata awe mwaminifu kiasi gani, maana kuna siku warithi wake watakuja.

Mwaka ule wa kwanza baada ya kuuza, masika ikianza, kamati itembee tena na vile vijiti vya rangi. Pale maji yalipopita tofauti na mchoro, andikeni, pigeni picha, na mpelekeeni afisa mipango miji kabla ya wiki kuisha, nyumba za upande huo zikiwa bado kwenye msingi.